Seli za mafuta kuwa na matone madogo madogo, nimekosea wapi?

SWALI: Habari za kazi daktari. Naotesha seli za mafuta za binadamu maabara ili tujaribie dawa za unene. Siku ya 14 nikizipaka rangi ya Oil Red O (inayotia wekundu kwenye mafuta) naona vitone vidogo kibao ndani ya seli, sio lile tone moja kubwa la kwenye picha za vitabu. Nimeziharibu? Au nirudi tu kwenye seli za panya, maana zenyewe hazina usumbufu?

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Hujaharibu kitu, karibu kila mtu anayeotesha kwenye dishi bapa anaona hivyohivyo. Kumbuka umeanza na seli changa, zile zinazozama chini ukishazungusha tishu ya mafuta iliyolainishwa na kolagenasi (kimeng'enya kinachotenganisha seli) kwenye mashine, zilizokomaa zinaelea juu kwa sababu zimejaa mafuta, ndo maana ni shida kuzifuga. Sasa seli changa ukiishikiza kwenye plastiki ngumu inajitandaza kama karatasi, hilo tone kubwa litakaa wapi? Ukizikuza zikiwa zimeshikamana kama vimpira vidogo au ndani ya jeli, na ukazipa wiki kadhaa zaidi, matone yanaanza kuungana.

Mimi kinachonipa wasiwasi sio matone, ni ule mchanganyiko wako wa kukomazia seli changa ziwe za mafuta. Najua una insulini, deksamethasoni (dawa ya steroidi), IBMX (kemikali ya kuanzishia ukomaaji) na bila shaka rosiglitazoni. Hiyo rosiglitazoni nayo ni dawa ya kisukari, inawasha PPAR-gama (swichi ndani ya seli inayoiamuru iwe ya mafuta), kwahiyo ukiiacha mpaka siku ya kipimo afu dawa yako nayo inapita njia hiyohiyo, hutajua nani kafanya nini. Itoe mapema baada ya siku za mwanzo. Insulini nayo ipunguze kabla ya kupima, seli iliyoogelea kwenye insulini wiki mbili ukiiongezea nyingine haishtuki.

Kuhusu panya, zile seli zao zinazotumika sana, 3T3-L1, zipo tangu miaka ya 1970, zilitoka maabara ya mwanasayansi Howard Green, na kwa kujifunzia mbinu sina neno nazo. Ila kuna dawa za kuamsha kipokezi cha beta-3 (swichi juu ya seli inayoiamuru ivunje mafuta) zilizoyeyusha mafuta ya panya vizuri kabisa, kufika kwa watu zikagoma, kipokezi chetu hakifanani na chao. Wewe baki na za binadamu, tumia za vizazi vya mwanzo kabla hazijachoka kwa kugawanyika, na usitegemee mtu mmoja aliyetoa tishu maana watu hatufanani (hapa ndo wengi wanabana matumizi, afu wanajuta).

Halafu jiulize kama dawa yenyewe inaigusa seli ya mafuta. Za aina ya semaglutidi zinapunguza uzito zaidi kwa kutuliza hamu ya kula kupitia ubongo, ukiimwagia dishi lako likikaa kimya usishangae.

Kabla hujaweka dawa yoyote, mwagia visima vichache vya dishi isoprenalini (dawa inayoiamuru seli ivunje mafuta), pima gliseroli inayotoka, ndo kipande kinachobaki mafuta yakivunjwa. Ikipanda vizuri, endelea hata kama vitone ni vidogo. Isipopanda, hilo kundi lote tupa, anza upya.