Mafia kwa mashua ya tanga: nenda na kaskazi

Umeuliza kama Agosti ni mwezi mzuri wa kutoka Unguja kwenda Mafia kwa tanga. Hapana, ndugu yangu. Agosti ni kusi, upepo wa kutoka kusini, utapiga bisho, yaani kwenda upande upande dhidi ya upepo, njia nzima na watu wako watatapika hadi nyongo. Ngoja Januari au Februari, kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, ikusukume kutoka tezi, nyuma ya chombo, halafu kusi ikianza ikurudishe.

Kazi yenyewe iko kwenye mlango wa Kinasi, pale unapoingia ghuba ya Chole. Ingia maji yakijaa, tena usichague siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Mimi mara ya kwanza niliingia maji yakitoka: injini inanguruma, povu linapita ubavuni, na mnazi niliokuwa nautazama ufukweni hausogei hata shubiri! Jua liwe mgongoni, mtu mmoja asimame omo, mbele ya chombo, aangalie matumbawe.

Humo ndani ni hifadhi ya bahari tangu 1995, kwa hiyo ada utalipa, na nanga itupe kwenye mchanga tu. Magofu ya Kua kule kisiwa cha Juani usiyakose. Popo wa kisiwa cha Chole wasubiri jua likizama, wanaporuka.