Anza na chupa ya maji: kwa mnaotafuta Mustang yenu ya kwanza

Ukienda kuangalia Ford Mustang ya 1965 au 1966, beba chupa mbili kubwa za maji, tochi, sumaku ndogo na boksi la kulalia chini. Mwenye gari atataka kukuwashia injini uisikie inavyonguruma. Mwache aiwashe. Kisha mwombe ruhusa umimine maji polepole kwenye matundu ya hewa yaliyo mbele ya kioo, upande wa dereva na upande wa abiria, halafu ingiza kichwa chini ya dashibodi umulike. Maji yakidondokea kwenye zulia, umeshajua mengi kuliko yote utakayoambiwa siku hiyo.

Chini ya matundu hayo kuna kisanduku cha mabati mawili. Maji ya mvua huingia humo na kutokea pembeni, nyuma ya fenda. Miaka ikienda, majani makavu yanarundikana, unyevu haukauki, na bati linaoza kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. Kulitengeneza, unatoa fenda na kioo cha mbele, unatoboa pointi za kuchomelea moja baada ya nyingine mpaka bati la juu liachie, unakata lililooza, unachomelea jipya, kisha unarudisha kila kitu mahali pake. Fundi mzoefu ataitolea jasho. Anayeanza itammalizia msimu mzima wa baridi.

Nimeanza na hilo kwa sababu wadogo zangu wengi mnaonipigia simu swali lenu la kwanza huwa ni injini: V8, yaani ya silinda nane, au silinda sita? Nawaelewa. Mimi ufundi nilijifunza Tanga, kwenye Land Rover na Toyota, na pale gari tulilisifu kwa injini yake. Nilipofika Ohio, Marekani, na kuajiriwa kwenye gereji ya kufufua magari ya zamani, ilinichukua muda kukubali kwamba kwenye Mustang hesabu ni nyingine. Injini yake ni rahisi, spea zake zinauzwa mpaka leo, na ikishindikana kabisa unaitoa unaweka nyingine. Bodi ndiyo gari lenyewe. Haikai juu ya chasi kama Land Rover. Sakafu, mihimili ya chini na kuta vimechomelewa pamoja na ndivyo vinavyobeba kila kitu. Kimoja kikioza, vingine vinaanza kulegea.

Huku Ohio barabara zinamwagiwa chumvi kila baridi ikiingia, na chumvi haina huruma kwa bati. Kama una uwezo wa kusubiri, tafuta gari lililoishi Arizona au sehemu nyingine kavu. Jua la kule litakuwa limepasua dashibodi, limekausha mipira ya milango na kuharibu viti, lakini hivyo vyote vinanunulika. Mimi ningechukua gari la jangwani lenye viti vilivyochanika kabla ya kuchukua la hapa lenye rangi mpya.

Na rangi mpya ndiyo ya kuogopa. Pitisha sumaku chini ya milango, nyuma ya matairi na kwenye kona za buti. Pale inapokataa kushika, chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti huenda hakuna bati kabisa. Fungua buti unuse. Kwenye gari hili mgongo wa tangi la mafuta ndio sakafu ya buti, kwa hiyo harufu ya petroli humo si jambo la kupuuza. Lala kwenye boksi lako, gonga mihimili kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia. Lililooza linajibu kwa sauti nzito, na vumbi jekundu linakuangukia usoni.

Baada ya hapo soma namba. Namba ya gari imegongwa kwenye bati la ndani la fenda upande wa dereva, kule injini ilipo. Ile iliyo kwenye kibao cha mlango isikutoshe, kwa sababu mlango unabadilishwa kwa dakika chache. Namba ikianza na 5F07C, inasema hivi: mwaka wa modeli 1965, kiwanda cha Dearborn, Michigan, bodi ya paa gumu, injini ya V8 ya inchi za ujazo 289 yenye kabureta ya midomo miwili. Kwenye nafasi ya kiwanda, R ni San Jose, T ni Metuchen. Bodi ya 08 ni ya paa la kukunja na 09 ni ile ya mgongo mteremko. Herufi ya injini ikiwa K, hiyo ni 289 ya nguvu farasi 271, na bei yake inapanda sana. Ndiyo maana wapo wanaozitengeneza za uongo. Herufi hiyo ya injini ikiwa T, gari lilizaliwa na silinda sita. Hata bila namba, hesabu nati za gurudumu: silinda sita ilitoka kiwandani na nati 4, V8 na nati 5. Ukiona V8 ndani na nati 4 nje, mtu alibadilisha injini akaacha breki na ekseli ndogo vile vile. Namba ulizosoma lazima zilingane na hati ya umiliki. Hati ikiwa haipo, rudi nyumbani na pesa yako.

Kuhusu silinda sita naomba msidanganywe. Ile ya inchi 200, sawa na lita 3.3, ina beringi kuu 7 na inavumilia makosa ya mwanafunzi. Watu wengi walioichukua Mustang mwaka 1964 na 1965 waliichukua kwa sababu bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368 na karani wa ofisi aliimudu. Gari la silinda sita lililobaki kama lilivyotoka linasimulia habari hiyo vizuri kuliko gari lililobandikwa mistari ya mashindano ambayo halikuwa nayo.

Sasa zana. Spana zenu za Toyota zitawaumiza. Nati za magari haya zimepimwa kwa inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7: spana ya 12 haiingii, ya 13 inaingia lakini inacheza, na ukivuta kwa nguvu inakula kona za nati ambayo imekaa miaka 60 bila kuguswa. Ile ya 9/16 ndiyo mbaya zaidi, maana ni milimita 14.3, ya 14 inagoma na ya 15 inateleza. Nunua seti ya inchi kabla hujanunua kitu kingine chochote. Nati iliyoshikwa na kutu ipulizie mafuta ya kupenya, uiache mpaka kesho. Ikigoma tena, ipashe moto, ila mbali na mabomba ya petroli.

Usilifungue gari lote wiki ya kwanza kwa furaha. Gereji za watu zimejaa Mustang zilizovunjwa zikaishia kwenye maboksi, kwa sababu aliyefungua hakukumbuka alikotoa nini. Piga picha kila hatua, kabla na baada. Kila kundi la bolti liwe na mfuko wake, na jina limeandikwa juu yake. Shughulikia eneo moja ulimalize ndipo uende lingine.

Kosa langu kubwa lilikuwa la sakafu. Gari lilikuwa la paa la kukunja, sakafu imeoza pande zote mbili. Nililiinua kwa stendi mbele na nyuma, nikakata pande zote kwa siku moja. Asubuhi yake mlango wa dereva haukufunga. Bodi ilikuwa imelala katikati, kwa sababu gari lisilo na paa linategemea sakafu na kingo za chini ya milango peke yake. Niliirudisha milimita baada ya milimita, kwa wiki tatu. Kwa hiyo, kabla ya kukata, chomelea vyuma vya kukingama kwenye uwazi wa milango, weka stendi pale uzito ulipo, kata upande mmoja tu, na pima mwanya wa mlango kila unapomaliza kipande. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu, hata kwa sekunde za kuokota spana.

Rangi na kromu zitasubiri. Kromu ni ghali na ni kazi ya karakana maalumu.

Kabla hujaamua kufanya kila kitu kiwe kipya, nenda Hershey, Pennsylvania, mwezi wa Oktoba, kwenye mkutano wa AACA, chama cha magari ya kale kilichoanzishwa mwaka 1935. Kuna mashamba na mashamba ya spea zilizotandazwa chini. Shika kitasa cha zamani mkono mmoja, cha kuigiza mkono wa pili, usikie tofauti ya uzito. Tangu siku niliyofanya hivyo, kitu cha asili kinachosafishika nakisafisha, sikitupi. Alama ya chaki ya mfanyakazi wa kiwandani, ukiikuta nyuma ya bati, ipige picha, na kama unaweza iache.

Kwenye mambo ya usalama tu ndipo ninapovunja sheria hiyo. Gari la 1965 na 1966 lina masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ya breki, ya chumba kimoja. Bomba moja likivuja, magurudumu yote manne yanakosa breki. Mimi huweka ya vyumba viwili na ile ya zamani naitunza kwenye boksi kwa mmiliki atakayefuata. Mabomba ya mpira ya petroli pia badilisha yote, kwa sababu petroli ya siku hizi ina ethanoli inayoyalainisha yale ya zamani. Vumbi la breki kuukuu usilipulize kwa upepo, lina asbesto. Lilowanishe ulifute, kinywa na pua vikiwa vimefunikwa barakoa ya kazi hiyo.

Safari ya kwanza iwe ya kuzunguka mtaa mmoja, mchana, barabara kavu, kizimamoto kikiwa karibu na mkono. Rudi, zima, subiri injini ipoe, kisha tandika lile boksi lako uingie chini uone kinachodondoka.