Hewa ya pwani na nyumba yako: niliyojifunza kwa makaa, ndimu na jua

Mwaka wa kwanza nilipoanza kujitegemea kwa nyumba, Bamburi hapa Mombasa, nilitupa kilo tano za mchele, viatu vya ngozi vya mume wangu alivyonunua kwa ajili ya Idi, na birika la umeme ambalo halikumaliza hata miezi sita. Mchele uliliwa na fukusi, viatu viliota ukungu, birika likajaa ukoko mweupe hadi likaungua. Nilidhani ni mikosi mitatu tofauti. Kumbe mzizi ulikuwa mmoja: hewa yetu ina unyevu na chumvi, maji yetu yana chokaa, na mimi nilikuwa nikiendesha nyumba kana kwamba niko mahali pengine.

Nimelelewa Kibokoni, Mji wa Kale, katika nyumba ya zamani ya mawe, kuta nene, dari iko juu, upepo unaingia huku na kutokea kule. Sikujua kwamba nyumba ile ilikuwa ikitufanyia nusu ya kazi. Fleti ya mabloki yenye madirisha madogo haikusaidii lolote. Bibi yangu alipokuja kunitazama mara ya kwanza, hata hakuketi. Alifungua kabati la nguo, akanusa, akalifunga.

"Nguo zimeingia kawa, mwanangu. Makaa unayo?"

Makaa nilikuwa nayo, ya kupikia, haya yanayouzwa kwa mkebe kila mtaa. Aliniambia nichague vipande vikavu, nivikung'ute vumbi, nivifunge vitano sita ndani ya kitambaa cha leso kuukuu, furushi moja chini ya kabati na jingine rafu ya juu. Makaa yana vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na humo ndimo unyevu na harufu hukwama. Kila baada ya wiki mbili yaanike juani kutwa nzima, kisha yarudishe. Masika yakiingia, Aprili na Mei, mimi huyatoa kila jua linapochomoza, maana hayamalizi siku nyingi kabla ya kulewa maji. Bakuli dogo la makaa ndani ya friji nalo hupunguza harufu ya samaki na vitunguu. Yakichoka kabisa, unayapikia. Hakuna kinachotupwa.

Ila makaa hayatashinda ikiwa kabati limeegemea ukuta wa nje. Ukuta huo hupigwa na mvua ya kusi, hunywa maji, halafu huyatoa polepole mgongoni mwa kabati lako. Livute mbele upana wa kiganja ili hewa ipite. Milango iache wazi kuanzia saa tano hadi saa tisa mchana, wakati hewa ni kavu zaidi, na uifunge kabla ya magharibi. Na nguo usiikunje kabla ya kuhakikisha imekauka. Buibui hasa hudanganya, pindo na mikono huwa bado vina maji wakati kwingine kumekauka. Lipitishe shavuni: shavu huhisi ubaridi wa unyevu ambao vidole haviuhisi.

Kawa ikishaingia kwenye kanzu nyeupe, kamulia ndimu juu ya madoa, nyunyiza chumvi, ilaze juani mpaka ikauke, halafu ifue kama kawaida. Huenda ukarudia mara mbili. Madoa ya kutu, yale yanayoachwa na kamba ya waya au vibanio vilivyoliwa na chumvi ya bahari, nayo hutoka kwa njia hiyo hiyo. Usijaribu kwenye leso wala nguo yoyote ya rangi. Ndimu na jua vikikutana hufifisha rangi, na hapo utakuwa umebadilisha doa jeusi kwa doa jeupe. Viatu na mikoba ya ngozi ipeleke nje kwanza, uipanguse huko kwa kitambaa chenye siki na maji nusu kwa nusu, kisha ikauke kivulini. Ukipangusia chumbani, vumbi la ukungu linahamia kwenye godoro.

Ukuta wenye ukungu nao unataka siki, bila maji. Ipake, iache saa moja, sugua, uache dirisha wazi. Kupaka rangi juu ya ukungu ni kupoteza pesa. Miezi miwili haipiti utauona umetokeza tena mahali palepale.

Sasa maji. Mombasa hatuna mto wetu wa kunywa. Maji ya mfereji hutoka mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, Marere katika milima ya Shimba, na Tiwi. Ukiifikiria safari hiyo utaelewa kwa nini bomba likikauka hatushangai. Wengi wetu tunajaziliza kwa maji ya kisima cha hapohapo kwenye jengo, na kisima hicho kimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo ni chokaa. Ndio huohuo unaochimbwa Bamburi kutengenezea saruji. Maji yakipita humo hubeba chokaa ndani yake. Ndiyo maana sabuni haitoi povu, nywele zinakakamaa, na birika linafanya ukoko.

Birika ni rahisi kuliko nilivyodhani siku nilipolitupa lile la kwanza. Jaza maji nusu, kamulia ndimu nne, tia na maganda yake, chemsha, uliache nusu saa. Utaona ukoko unatoa vipovu na kumomonyoka. Mwaga, suuza mara mbili, chemsha maji matupu mara moja uyamwage, ndipo upike chai. Mimi hufanya hivi kila mwezi, na birika nililo nalo sasa linaelekea mwaka wa tano. Bomba la mvua bafuni likiziba, loweka soksi kuukuu katika siki, lifunge nayo kichwani usiku kucha. Zamani ningetumia mfuko wa plastiki, lakini tangu Agosti 2017 mifuko ile imepigwa marufuku Kenya, na soksi kwa kweli hushika vizuri zaidi.

Kwa kufua, tia kijiko kikubwa cha magadi katika ndoo ya maji ya kisima na uikoroge kabla ya kutia sabuni. Magadi huikamata chokaa, kisha sabuni hupata nafasi ya kufanya kazi yake. Hupunguza chumvi? La, maji ya chumvi hubaki ya chumvi, na nguo nyeupe ninazozienzi mimi huzingojea mvua. Maji ya mvua hayana chokaa, ndoo mbili chini ya paa zinatosha kanzu za wiki nzima. Acha dakika kumi za kwanza zioshe vumbi la paa ndipo ukinge.

Ndimu na magadi vina adabu zake. Sakafu ya terazo usiipitishie ndimu wala siki hata tone. Terazo ina vipande vya mawe ya chokaa na asidi huila, ukaachwa na sakafu iliyofifia isiyong'aa tena hata uisugue vipi. Sufuria za aluminiamu zilizopiga weusi ndani zichemshie maganda ya ndimu, zitang'aa. Lakini usizioshe kwa magadi, yatazitia weusi zaidi.

Na hili nalisema nikiwa na uchungu nalo. Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisafisha choo. Nilimimina blichi, ile dawa ya klorini ya nguo nyeupe, nikaona madoa ya chokaa hayatoki, nikaongeza siki juu yake. Ilikuwa bafu lisilo na dirisha. Nilishikwa na kikohozi, kifua kikabana, macho yakawaka, na kama si mume wangu kunivuta nje sijui. Klorini ikikutana na siki, ndimu au dawa yoyote ya choo yenye asidi hutoa hewa ya sumu. Vivyo hivyo haichanganywi na dawa zenye amonia. Tumia moja, suuza kwa maji mengi, na nyingine itumie siku nyingine. Waambie na wasaidizi wa nyumbani, maana wao ndio hupewa chupa zote kwa pamoja bila kuelezwa.

Mapipa ya kuhifadhia maji yanahitaji uangalifu kuliko chochote katika nyumba ya Mombasa. Tulioishi hapa mwisho wa 2017 na kuingia 2018 tunakumbuka chikungunya: nyumba nzima kitandani, watu wazima wanashindwa kusimama kwa maumivu ya viungo. Jina lenyewe ni la Kimakonde, lina maana ya kukunjika, na ugonjwa ulielezwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika katika miaka ya 1950. Mbu anayeueneza, ambaye ndiye pia wa homa ya dengi, huuma mchana na hupenda maji masafi yaliyotulia, yaani pipa lako, ndoo yako, sahani iliyo chini ya chungu cha maua. Mayai yake huganda ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji, na hustahimili ukavu. Kwa hivyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila wiki sugua kuta za ndani kwa kumbi la nazi lililokaushwa, hili la kawaida, lina makali kuliko brashi nyingi za dukani. Yai huchukua yapata wiki moja hadi siku kumi kuwa mbu, kwa hivyo ukisugua kila siku saba unamwahi. Halafu funika pipa kwa kitambaa chepesi kilichokazwa kwa mpira, ndipo uweke kifuniko. Mimi nimechagua Ijumaa asubuhi na siikosi.

Maji yakija na tope, shabu huyatakasa kwa macho: tope linashuka chini. Lakini vijidudu havifi. Yachemshe bado.

Mchele niurudie, maana ulinigharimu. Fukusi mara nyingi haingii nyumbani kwako. Huja na mchele wenyewe, mayai yakiwa tayari ndani ya punje. Karafuu na pilipili kavu nimezitumia, zinawafukuza wanaotoka nje, ila mayai haziyagusi. Kinachoyaua ni friza: mchele ukitoka soko la Kongowea uweke humo siku nne. Kisha uache upoteze ubaridi ukiwa bado umefungwa, usije ukavuta umande. Asiye na friza aanike mchele juu ya mkeka, apepete, aushindilie ndani ya chupa kavu za plastiki mpaka shingoni, afunge kwa nguvu. Wadudu wakikosa hewa hawazaani. Bibi yangu husema "mtele wataka kukaa kama maiti, haujui jua wala upepo," na hilo nimelithibitisha. Chumvi ya mezani itilie punje kumi za mchele uliokaangwa bila mafuta. Zitanywa unyevu nayo itamwagika vizuri.

Shombo. Ukitoka kuparua changu au tafi, osha mikono kwa maji baridi kwanza, sugua kwa ndimu na chumvi, ndipo sabuni. Baada ya kukaanga, chemsha maji yenye maganda ya ndimu na karafuu tano kwenye moto mdogo, jiko likiwa na dirisha wazi.

Sisimizi hufuata njia yao kwa harufu. Pangusa njia hiyo kwa maji ya sabuni na watapotea. Ile chaki ya kuulia wadudu inayouzwa barabarani usiiingize nyumbani penye watoto, ni sumu na inafanana na chaki ya shule. Kufuli linalokwama kwa kutu lisitiwe mafuta ya kupikia, huganda na kushika vumbi. Sugua meno ya ufunguo kwa risasi ya penseli, uingize na kutoa mara kadhaa. Leso mpya inayochuja, chumvi haisaidii kama tulivyoambiwa, nimejaribu nyingi. Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke meupe, na uianike ndani nje.

Mtungi wa gesi ukiubadilisha, paka povu la sabuni kwenye kiungo cha mpira. Likitoa mapovu, gesi inavuja: funga, fungua madirisha, usiguse swichi. Nimeona jirani akijaribu kwa kiberiti na nikamzuia mkono.

Udi nao uwe wa mwisho. Wengi tunafukiza ili kuziba harufu ya unyevu, na nguo inatoka na harufu mbili. Anika, kausha, kisha tandaza nguo juu ya tege, kile kichanja cha kufukizia nguo, weka chetezo chini yake na makaa mawili matatu yaliyokwisha kushika vizuri, dirisha likiwa wazi, maana hewa ya sumu ya makaa chumbani palipofungwa huua mtu aliyelala. Dakika kumi zinatosha. Harufu ya udi iliyoingia kwenye kanzu kavu nimewahi kuikuta bado ipo Ijumaa ya pili.