Kuhusu mzee wako na matibabu ya mawimbi ya sauti

Ndugu yangu, pole. Unasema mzee ana miaka 67, saratani haijatoka nje ya tezi dume, Gleason 3+4 (alama ya ukali wa saratani), na daktari huko London amemtajia HIFU, yaani kuunguza saratani kwa mawimbi ya sauti yenye nguvu. Unaogopa asije akafanyiwa majaribio.

Si majaribio ya kubahatisha. Anapigwa nusu kaputi, kifaa kinapitishwa njia ya haja kubwa. Kifaa hicho kinampa daktari picha, na kinakusanya mawimbi mahali pamoja hadi nyama ipate joto la zaidi ya nyuzi 60 na kufa. Hakuna kisu wala mionzi. Atarudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa siku kadhaa, na huo ndio utakaomkera. Mwandalieni kikoi.

Mimi nasita hapa: mara nyingi wanachoma upande wenye uvimbe tu. Tezi iliyobaki inaweza kuota saratani nyingine, kwa hiyo PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) na MRI (picha za ndani ya mwili) vitaendelea kwa miaka. Marekani iliiruhusu HIFU mwaka 2015 kwa kuunguza tishu ya tezi dume, si kwa dai la kuponya saratani. Nguvu za kiume nazo zinaweza kupungua, ingawa upasuaji huathiri zaidi. Hilo mzee hatakuuliza wewe mwanawe. Mwache peke yake na daktari.

Msikimbizwe. Utafiti wa ProtecT wa Uingereza uliwafuatilia wanaume kwa miaka 15. Takriban 97 kati ya 100 hawakufa kwa saratani hii, wawe walipasuliwa, walipigwa mionzi au waliangaliwa tu. Muulizeni daktari: ikirudi, mtafanya nini?