Jibu: Nalala masaa 8 naamka hoi, mwenzangu analala 5 na yuko fiti. Kwa nini?

Mkuu, nimefanya zamu za usiku wodini hapa Dar kwa miaka mingi, kwa hiyo suala hili nalijua kwa mwili wangu kabla hata ya kulisoma.

Nianze na mwenzako, maana yeye ndiye ananitia hofu. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walitoa matokeo ya watu wazima wenye afya waliopangiwa kulala masaa 8, 6 au 4 kwa siku 14 mfululizo. Wale wa 6 na wa 4 umakini wao ulizidi kushuka siku hadi siku, ukafikia wa mtu aliyekesha bila kulala kabisa. Ila walipoulizwa wanajisikiaje, walisema usingizi umewazidi kidogo tu. Wodini nawaona sana hawa. Anakwambia "mimi nimeshazoea", halafu saa tisa usiku unamkuta anarudia kusoma mstari uleule kwenye faili la mgonjwa. Kwa hiyo usijipime kwa huyo.

Sasa wewe. Mtu mzima anashauriwa alale masaa 7 hadi 9, lakini ni ya kulala kweli, siyo ya kuwa kitandani. Umeme ukikatika feni ikazima, ukaamka kwa joto, ukashika simu, ukaenda msalani, zile 8 zimeshamegwa. Na usiku haufanani mwanzo mpaka mwisho: usingizi mzito huja zaidi masaa ya kwanza, wa ndoto huongezeka kuelekea alfajiri. Anayeamka saa kumi kuwahi daladala anakosa zaidi ule wa ndoto.

Kitu ambacho ningekuomba usikipuuze ni kukoroma. Mwambie huyo mwenzako akusikilize usiku. Kama unakoroma, unanyamaza ghafla, kisha unashtuka ukivuta pumzi kama mtu aliyekabwa, nenda hospitali. Njia ya hewa inaziba ukiwa usingizini, ubongo unakuamsha mara nyingi bila wewe kukumbuka, na hapo hata ukilala masaa 10 utaamka hoi. Ukifika huko pima na wingi wa damu, maana upungufu wa damu nao unachosha vilevile. Msongo na sonona pia, usione aibu kuvitaja kwa daktari.

Halafu usiuhukumu usingizi wako dakika ileile unayofumbua macho. Ule uzito wa nusu saa ya kwanza unampata hata aliyelala vizuri. Jiangalie saa nne asubuhi: ukikaa tu kwenye kiti unasinzia? Hicho ndicho kipimo ninachokiamini.

Kwa upande wangu kilichonisaidia ni kuamka muda uleule siku nisizo na zamu ya usiku, pazia zito ninapolala mchana, na simu kubaki sebuleni. Kahawa naikata mapema, kwa sababu kafeini huchukua takriban masaa 5 kupungua nusu. Ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado unayo mwilini.

Hilo la kukoroma lianze leo usiku, na majibu ya damu yakitoka yaweke hapa tuyaangalie pamoja.