Kabla hujatafuta mdhamini, tafuta mtu mwenye kitu cha kuonyesha

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mwanza ameniandikia: "Kaka, habari za kazi. Nimeona picha za jioni yenu ya programu huria. Na sisi huku vijana tunao, ila hatuna hela wala mdhamini. Tuanzie wapi?" Dada yangu, kazi njema kabisa. Nakujibu hapa kwa kuwa najua mko wengi wenye kiu hiyo. Programu huria ni zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadili.

Anzeni na watu wawili wenye kitu cha kuonyesha. Mdhamini atawakuta njiani, na asipokuja msimlilie.

Sisi barua ya kuomba ukumbi na projekta tuliipeleka kwenye kampuni moja kubwa hapa Dar. Bwana aliyetupokea aliisoma nusu, akaniuliza mbele ya vijana wangu: "Vitu vya bure vina thamani gani?" Simu aliyoishika ilikuwa ya Android, na Android imejengwa juu ya Linux, programu ya kiini inayoendesha kompyuta, ambayo Linus Torvalds aliitangaza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadili na kuigawa. Takwimu za zahanati zetu zinapita kwenye DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, ilizaliwa Kenya mwaka 2008, wakati wa ghasia za uchaguzi, na msimbo wake uko wazi mpaka kesho. Sikumjibu neno. Tuliaga tukaondoka, na swali lake linanichoma hadi leo.

Tukapata darasa la tuisheni Sinza ambalo jioni hukaa tupu. Projekta tukaazima kwa jamaa anayepiga video za harusi. Mama wa kibanda cha jirani akatupikia chai ya tangawizi na maandazi, tukachangishana.

Aliyetubeba jioni ile ni binti anayeandika programu ya stoo kwa duka la vipuri la mjomba wake, Kariakoo. Hakuja na slaidi. Alifungua laptopu akatuonyesha tatizo lake: ukiuza plagi moja, stoo inapungua mbili. Kati ya mamia ya mabadiliko aliyokwisha kuhifadhi kwenye Git, programu inayotunza kila badiliko la msimbo, hakujua lipi lilileta balaa. Akaandika git bisect start, amri ya kusaka badiliko lenye kosa, akaitajia Git badiliko la leo ambalo ni bovu na la zamani ambalo lilikuwa zima. Git ikampeleka katikati. Akauza plagi, ikapungua moja. Akaandika git bisect good. Ikampeleka katikati ya nusu iliyobaki. Akauza tena, zikapungua mbili, akaandika git bisect bad. Kila jibu linaondoa nusu ya washukiwa, hivyo hata yangekuwa mabadiliko elfu moja, majaribio kama kumi yanatosha kumkamata mwizi.

Hapo hapo umeme ukakatika. Projekta ikazima, ruta ikazima. Watu wakasogea wakaizunguka laptopu, naye akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, maana Git huweka historia yote ya kazi ndani ya mashine yako mwenyewe. Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kunyimwa matumizi ya bure ya BitKeeper, programu ya kazi kama hiyo waliyokuwa wakiitegemea. Badiliko lenye kosa likaonekana: stoo ilipunguzwa kwenye kitufe cha kuuza, ikapunguzwa tena wakati wa kuchapa risiti. Makofi yalipigwa gizani. Nilijivuna na sifichi, hasa nilipogundua kwamba vijana wawili wa kampuni ile ile walikuwa wamesimama pale mlangoni, wanapiga makofi pamoja nasi.

Basi, dada yangu, msemaji wenu aje na kazi yake mwenyewe. Narudia, kazi yake, iwe ya duka, ya shule au ya saccos, kwa sababu hotuba ya jumla kuhusu teknolojia watu wameishaichoka. Aongee Kiswahili, amri tu zibaki zilivyo. Anzeni saa kumi na moja, mfunge kabla ya saa mbili. Kwetu mtu wa Mbagala lazima awahi daladala, na mzazi aliyemruhusu binti yake asikae roho juu. Pakueni Python (lugha ya kuandikia programu) na Git mapema, muweke kwenye flashi, mtu asile bando lake kwa kusakinisha. Na asikudanganye mtu kwamba lazima mpate ukumbi wenye viyoyozi. Vijana wenye akili tunao, vifaa vya kazi vimewekwa wazi kwa kila mtu duniani, halafu tunakaa tunasubiri barua ijibiwe! Inaniuma kuona hivyo.

Mkishapata darasa, liwe Nyamagana au Ilemela, nitumie tarehe mapema. Nauli ya basi nitajilipia, na flashi nakuja nazo.