Maswali ya Wasomaji: Abibu, Nisani na kalenda ya ukutani

SWALI: Ndugu Mhariri, nafundisha shule ya Jumapili. Kutoka 13:4 inataja mwezi wa Abibu, lakini Ester 3:7 inasema mwezi wa kwanza ni Nisani. Ni mmoja au miwili? Na kwenye kalenda yetu ni Machi au Aprili? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Ni mwezi mmoja, Mwalimu. Abibu ndilo jina la zamani, la wakati shayiri imetoa masuke. Nisani ni la Kibabeli, lilikuja na waliorudi kutoka uhamishoni. Ndiyo maana unalikuta kwa Nehemia na Ester, si katika vitabu vya Musa.

Machi au Aprili? Inategemea mwaka. Miezi ya Kiebrania hufuata mwandamo (ingawa leo hupigwa hesabu, hakuna anayesubiri kuuona mwezi), na 12 hutimiza siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Ramadhani huachwa izunguke majira yote kwa sababu hiyohiyo. Pasaka ya Wayahudi haiwezi kuachwa, maana Kumbukumbu la Torati 16:1 inaifunga kwenye Abibu. Basi katika kila miaka 19, miaka 7 hupewa mwezi wa 13: Adari, mwezi wa 12 unaotangulia Nisani, inakuwa mara mbili, na Nisani inasogea mbele.

Kuujua mwaka huo, ongeza 3760 kwenye mwaka wetu, kisha gawanya kwa 19. Baki ikiwa 0, 3, 6, 8, 11, 14 au 17, una miezi 13. Mwaka 2026 unatoa 5786, baki 10: Pasaka yao ni Aprili 2. Mwaka 2027 unatoa 5787, baki 11: Aprili 22. Wengi hukosea kwa tarehe za mwisho wa mwaka. Mwaka wa Kiebrania hubadilika Septemba au Oktoba, mwezi wa Tishri. Kuanzia hapo ongeza 3761. Tena siku yao huanza jua likizama, kwa hiyo hiyo Aprili 2 inaanza jioni ya Aprili 1.

Usiwapeleke watoto shambani kuitafuta Abibu. Israeli mvua zinakatika na shayiri inakomaa. Tukuyu Aprili ndiyo mvua imeshika kweli. Kwenye karatasi yao andika Nisani "Machi–Aprili", na Adari ya Ester 3:7 "Februari–Machi".